Fundi Yuko Dar, Mashine Imesimama Masasi: Namna ya Kukuza Mafundi Wako wa Mitambo Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda, meneja au msimamizi wa mitambo aliyeko kusini: anayebangua korosho Masasi au Newala, anayesafisha ufuta Nachingwea, anayefungasha chumvi au maji ya chupa Lindi mjini. Kwa kifupi, ni wa yeyote mwenye mota kadhaa na paneli moja ambayo hakuna mtu kiwandani anayethubutu kuifungua.

Hali unaijua. Unatangaza kazi ya fundi wa mitambo na udhibiti wa mashine, vyeti vinakuja mezani vya kutosha, lakini ukimpeleka mtu mbele ya mashine iliyogoma anakuuliza kama kuna mtu mwingine anaifahamu. Vyeti tunavyo. Tunachokosa ni mikono iliyowahi kugusa mashine ya kweli ikiwa imeharibika kweli. Na wale wachache waliozoea wana pa kwenda. Kiwanda cha saruji cha Dangote pale Msijute, kilichoanza mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kinahitaji mafundi haohao wa umeme, mota na vipimo. Mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo nayo hivyo hivyo. Kiwanda chako hakiwezi kupigana nao kwa mshahara, tukubaliane hapo mapema.

Jambo hili lina mizizi pia. Viwanda 12 vya korosho vilivyojengwa na serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia, vingi vikiwa huku kwetu, vilikuja na mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Uzalishaji wa korosho nchini ukashuka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikafungwa, vingine vikawa maghala. Kiwanda kikifungwa fundi hakai kukisubiri, na akiondoka hakuna kijana anayebaki akijifunza kwake. Sasa ubanguaji unarudi, mashine mpya zina kamera na kompyuta ndani, na tunatafuta mafundi ambao hakuna aliyewalea.

Ninachoshauri ni kimoja: acha kutafuta mtaalamu aliyekamilika, anza kumtengeneza kutokana na watu ulionao. Hatua ni hizi.

Hatua ya 1: Andika kila mashine inaposimama

Kabla ya kuajiri mtu yeyote, nunua kaunta buku, funga kalamu kwa uzi, weka karibu na paneli kuu. Kwa mwezi mzima kila mashine ikisimama andikeni: imesimama saa ngapi, nani aliona, tatizo lilikuwa nini, fundi alifika saa ngapi, kutengeneza kwenyewe kulichukua muda gani, spea ilitoka wapi.

Usiishie kujumlisha saa za kusimama. Tenganisha muda wa kusubiri na muda wa kutengeneza. Chukua mfano wa mashine ya kuchambua korosho kwa rangi. Imegoma Jumatatu saa 4 asubuhi. Fundi wa Dar anapanda basi Jumanne alfajiri, zaidi ya kilometa 550, anafika jioni amechoka. Jumatano saa 2 anafungua, anakuta vali ndogo za hewa zimeganda kwa sababu kompresa inapitisha maji na mafuta. Anasafisha dakika 40, anakunywa chai, anakuandikia risiti. Umelipa nauli, malazi, posho na siku mbili za uzalishaji kwa kazi ya dakika 40 ambayo mtu wako angeweza kufundishwa kuifanya.

Na hapo basi limefika. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar ilikatika maeneo ya Somanga na Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Siku hizo hata mwenye hela ya kumlipa fundi wa Dar hakuwa na njia ya kumleta.

Mwisho wa mwezi panga matatizo kwa idadi. Utakuta machache yanajirudia: belti, beringi, sensa chafu, kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) iliyoungua, hewa yenye maji, waya uliolegea. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako. Usikubali mtu akuuzie mafunzo ya jumla kabla hujaishika mkononi.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa ngazi

Kosa la matangazo yetu mengi ni kutaka mtu mmoja awe kila kitu: shahada, uzoefu wa miaka 5, umeme, boila, kompresa, jokofu, kuchomelea, kuandika programu za PLC (kompyuta ndogo inayoamuru mashine), na awe tayari kuishi Nanyumbu. Mtu huyo akiwepo, hakutafuti wewe.

Ngazi ya kwanza ni mwendeshaji wa mashine. Huyu asafishe, apake grisi kwa ratiba, akaze boliti, asikilize sauti, azime mapema. Ngazi ya pili ni fundi wa kiwanda: anabadilisha beringi, anapima saketi, anabadili sensa na kontakta, anafunga inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) mpya na kuiwekea mipangilio ya ile ya zamani. Ngazi ya tatu ni yule wa kubadilisha programu ya mashine, kupanga upya kamera, kutengeneza bodi za kielektroniki. Huyu wa tatu humhitaji kila siku. Mkodi, au mpate kwa simu. Nguvu zako zote ziende ngazi ya pili, na usidharau ya kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta ndani kwanza

Wafanyakazi wengi wa viwanda vya korosho ni kina mama na mabinti. Wapo wanaokaa na mashine ileile msimu baada ya msimu, na wanajua kwa sikio kwamba leo hailii kama jana. Wakati wa kuchagua wa kufundishwa, majina yao hayatajwi. Wanaitwa vijana wa kiume wa getini ambao hawajawahi kuona mashine ikifanya kazi. Sielewi kwa nini, maana kusoma mita hakuhitaji misuli. Waulize wasimamizi wa zamu: mashine ikigoma, ni nani huitwa kwanza kabla ya fundi? Jina litakalotajwa mara nyingi, anza na huyo.

Baada ya hapo nenda VETA, Mtwara na Lindi zote zina vyuo. Usiende kuomba "kijana mzuri" kwa simu. Nenda ukaongee na mwalimu wa umeme wa viwandani au wa mitambo, mwambie unachukua wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na umwonyeshe orodha yako ya matatizo. Mwalimu akijua kwako mwanafunzi anashika kazi badala ya kutumwa kununua vocha, atakupa walio bora.

Kisha geukia mtaani. Fundi wa mashine za kusaga, fundi jenereta, fundi wa majokofu ya samaki, fundi redio: hawa wamezoea kutengeneza bila kitabu na bila spea kamili. Udhaifu wao ni kurukia. Ataunga waya moja kwa moja mashine izunguke, na kinga itakuwa imetolewa. Hilo linafundishika, ila lazima ulione mapema, ndiyo maana ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Mpime kwa ubao, cheti baadaye

Tengeneza ubao wenye fyuzi, kontakta moja, ovalodi moja (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa), kitufe cha kijani cha kuwasha, chekundu cha kuzima, na mota ndogo. Kabla mwombaji hajaingia, legeza waya kwenye namba 95 ya ovalodi. Usiuchomoe, ulegeze tu, uonekane umekaa. Mpe maltimita, bisibisi na mchoro. Mwambie: "Mota haiwaki. Una nusu saa."

Kaa kando, usimsaidie. Angalia haya.

Je, ameuliza mashine ilikuwaje kabla ya kugoma? Anayeuliza kwanza atakuokolea muda mwingi baadaye, kwa sababu mwendeshaji mara nyingi ameona nusu ya jibu.

Je, amehakikisha umeme umekatika kabla ya kugusa? Aliye makini zaidi huipima mita yenyewe kwenye chanzo chenye umeme anachokijua, ndipo apime ubao, kisha arudi kuipima mita tena. Mita mbovu au yenye waya uliokatika ndani inasema sifuri mahali penye volti 400, na imeshaua watu.

Je, anafuata njia? Kutoka fyuzi, kitufe chekundu, kijani, ovalodi 95 na 96, hadi koili ya kontakta A1 na A2, hatua kwa hatua, akiandika alichopima. Au amefika moja kwa moja kwenye kontakta na kusema "hii imekufa, leta nyingine"? Huyo wa pili atakumalizia stoo.

Na akishaupata waya uliolegea, je, anaukaza huo tu, au anapitia na mingine yote?

Mtu asiye na cheti akifaulu haya manne, mchukue. Mwenye stashahada akishindwa la pili, mshukuru kwa kuja.

Hatua ya 5: Fundisha kwa mpangilio, usianzie kwenye kompyuta

Vijana wengi wanataka kuanza na PLC kwa sababu ndiyo yenye jina. Wazuie kwanza. Mpangilio ninaouamini ni huu, na kila sehemu aipite kwa vitendo mbele yako kabla ya kwenda nyingine.

*Kufuli.* Kila fundi awe na kufuli lake, ufunguo mmoja, jina lake kwenye kibao. Akiingia mkono kwenye konveya au mashine ya kubangua, swichi kuu imefungwa kwa kufuli lake, na ufunguo uko mfukoni mwake, haukai kwa msimamizi. Wawili wakifanya kazi pamoja, kufuli mbili. Inveta ikizimwa bado ina chaji ndani. Asubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake kabla hajafungua, kisha apime. Kwenye boila asiguse chochote cha usalama bila mhusika, na ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, uwe hai. Mafuta ya maganda ya korosho yanaunguza ngozi. Glavu na miwani zisiwe za kuvaliwa siku ya wageni tu.

*Mitambo ya kawaida.* Beringi, mikanda, minyororo, giaboksi, ulinganifu wa shafti. Hapa usiharakishe hata kama hapana mvuto. Beringi mpya ikipigwa nyundo kwenye ringi ya nje wakati wa kuiingiza kwenye shafti, imeshaanza kufa kabla mashine haijawashwa. Afundishwe kusoma namba ya beringi iliyochorwa ubavuni, kwa mfano 6205-2RS, na kuiandika kwenye daftari la mashine, ili akiagiza Dar asiagize "ile ya katikati".

*Sensa.* Hapa ndipo viwanda vyetu hupoteza siku nyingi bila sababu. Sensa nyingi za volti 24 zina nyaya tatu: kahawia ni chanya, bluu ni hasi, nyeusi ndiyo inayopeleka taarifa. Lakini sensa mbili zinaweza kufanana umbo, unene na rangi, moja ikatoa chanya kwenye waya mweusi na nyingine ikatoa hasi. Zinaandikwa PNP na NPN. Ukiweka isiyo yake, taa yake inawaka vizuri kabisa na mashine haioni kitu, na fundi asiyejua atasema PLC imeungua. Afundishwe kusoma maandishi madogo kabla ya kutupa ya zamani.

Afahamu pia kila sensa inaona nini. Ile ya kugundua chuma haitaona korosho hata ukiigusisha. Ile ya kupima ujazo kwenye hopa inaona korosho, ila pia inaona utando wa vumbi na mafuta ya maganda uliogandia usoni pake. Inaamini hopa imejaa wakati iko tupu, na inasimamisha konveya. Kitambaa kikavu kinamaliza tatizo. Nimeona sensa kama hiyo ikiagizwa Dar mara mbili.

*Inveta.* Siku mashine iko nzima, fundi apige picha mipangilio yote ya inveta, ukurasa kwa ukurasa, na kuichapisha. Siku ikiungua unafunga nyingine, unaweka namba zilezile, kazi inaendelea. Bila picha hizo unakisia, na kukisia ampea za mota ni kuiunguza. Afundishwe pia kwamba msimbo wa hitilafu kwenye skrini ni taarifa. Kubonyeza kitufe cha kurudisha mara tano mfululizo bila kujua kwa nini imejizima ni kumwambia mgonjwa anyamaze.

*PLC kwa macho tu.* Kabla ya kompyuta ya mkononi, ajue kusoma taa. Kila mlango wa kuingizia taarifa una taa yake, na kila mlango wa kutolea amri una yake. Bonyeza kitufe: taa ya kuingizia haiwaki? Tatizo liko nje, kwenye kitufe, sensa au waya. Taa ya kutolea inawaka lakini kontakta haivuti? Tatizo liko nje tena, upande wa pili. Mara nyingi PLC yenyewe haina kosa, na fundi anayejua taa tu anaweza kukueleza ndani ya dakika 10 kama kuna haja ya kumwita mtu wa Dar.

*PLC kwa kompyuta.* Sasa ndiyo. Jambo la kwanza analofanya ni kuchukua nakala ya programu iliyomo na kuihifadhi sehemu mbili, na tarehe. La pili ni kuitazama ikifanya kazi, bila kuigusa, mpaka aweze kukuonyesha kwa kidole ni mstari gani unaozuia mashine kuwaka. Kuandika au kubadilisha kuje mwisho, kwa ruhusa ya maandishi. Kwa mazoezi, nunua PLC moja ndogo ya chapa ileile iliyoko kwenye mashine yako na uifunge kwenye ubao na vitufe viwili, sensa moja, relei na taa. Delta, ambao mashine nyingi za Asia huwatumia, wanatoa programu yao ya WPLSoft bure, na ndani yake mtu anaweza kufanya mazoezi bila hata PLC yenyewe. Kijana mwenye kidato cha 4 na uvumilivu anaweza. Kiingereza kikimsumbua, muandikie kwa Kiswahili orodha ya misimbo ya hitilafu kumi mnayoiona zaidi, ibandikeni ndani ya mlango wa paneli.

Kuhusu wakati: mavuno ya korosho yanaanza kuchanganya Oktoba. Mafunzo mazito na matengenezo makubwa yafanyike mashine zikiwa zimepumzika, kabla ya hapo. Kumfundisha mtu inveta Novemba, zamu tatu zikiendelea, ni kumfundisha kuogopa.

Hatua ya 6: Weka makaratasi sawa

Kama una wafanyakazi kumi au zaidi unalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Umeshachangia mafunzo ya ufundi, kwa hiyo ukienda VETA huendi kuomba sadaka. Uliza mambo mawili. La kwanza ni uanagenzi, mafunzo ambayo kijana anajifunza kiwandani na chuoni kwa pamoja. La pili ni urasimishaji wa ujuzi, kwa fundi wako wa siku nyingi asiye na karatasi: anapimwa anachokijua, anapewa cheti kinachotambulika. Wenye viwanda wengine wanaogopa kwamba akipata cheti ataondoka. Asipokipata ataondoka vilevile, ila kwa hasira.

Andika mkataba wa uanagenzi unaotaja atajifunza nini, kwa nani, posho yake, vifaa vya kinga, na nani anasaini daftari lake kila wiki. Mwanagenzi asiachwe peke yake kwenye umeme. Kazi ya kufunga umeme wa jengo ibaki kwa mwenye leseni ya EWURA, hata kama kijana wako anajua.

Hatua ya 7: Ukinunua mashine, nunua na maarifa yake

Hapa ndipo mwenye kiwanda, na si fundi, anapoharibu au kuokoa mambo. Mashine inatoka India, China au Vietnam, inakuja na wafungaji wawili, wanafanya kazi usiku na mchana, wanaonyesha inazunguka, wanapiga picha na wewe, wanaondoka. Miezi minne baadaye skrini inadai neno la siri. Aliyeliweka yuko Ho Chi Minh na hajibu ujumbe.

Kabla ya kulipa malipo ya kwanza, andika kwenye mkataba kwamba utakabidhiwa: michoro ya umeme inayolingana na mashine iliyofungwa kweli, nakala ya programu ya PLC na ya skrini, maneno yote ya siri, mipangilio ya inveta zote, orodha ya spea zenye namba za mtengenezaji, na kitabu cha matengenezo kwa lugha ambayo fundi wako anaisoma. Kitabu cha Kichina kitupu ni mapambo. Bakiza sehemu ya malipo, na isilipwe mpaka fundi wako, mbele yako, amefungua programu hiyo kwa kompyuta ya kiwanda, kwa neno la siri alilopewa, na ikafunguka. Kauli kwamba watatuma kwa barua pepe usiipokee.

Wakati wa kufunga, fundi wako asiwe mbebaji wa ngazi. Awe pembeni ya mfungaji kila saa, na daftari. Aombe aunganishe paneli moja mwenyewe, akaguliwe. Siku mbili kabla hawajaondoka, waambie waweke hitilafu kwa makusudi: wachomoe waya, wabadili mpangilio mmoja, na mtu wako aitafute. Wafungaji wengi hufurahia mchezo huu, na utajua mara moja kama mafunzo yameingia.

Wauzaji wengine wanatoa msaada kwa intaneti, wanaingia kwenye mashine wakiwa kwao. Ni jambo zuri kwa umbali wetu, ila waya wa intaneti uchomekwe pale tu fundi wako amesimama mbele ya mashine, na uchomolewe kazi ikiisha. Mtu asiwashe konveya yako kutoka ng'ambo wakati mama yuko chini yake anafagia.

Hatua ya 8: Spea na hewa ya pwani

Fundi mzuri asiye na spea ni msimulizi wa matatizo tu. Kutoka kwenye kaunta buku, weka stoo vitu vilivyosimamisha mashine zaidi ya mara moja, pamoja na inveta moja ya akiba ya ukubwa unaotumika zaidi. Kariakoo na Gerezani utapata vingi, lakini ununue kwa namba, na sensa na kontakta zikaguliwe kabla ya kulipwa maana bandia zipo.

Kama uko Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, chumvi ya baharini ni adui wa kila siku. Tamino (sehemu za kufungia nyaya) zinaota ukijani, feni za paneli zinakwama. Ziba matundu yote ya nyaya, badilisha mpira wa mlango wa paneli ukishakauka, kaza tamino zote kila kabla ya msimu. Masasi na Nachingwea shida ni vumbi jekundu. Vichujio vya feni vioshwe kila wiki. Na kompresa, popote ulipo, imwagwe maji kila asubuhi na iwe na kikausha hewa, la sivyo utarudi kwenye zile dakika 40 za hatua ya 1.

Hatua ya 9: Mbakishe

Kinachofukuza mafundi wa korosho kuliko mshahara mdogo ni mshahara wa miezi sita. Msimu ukiisha anaambiwa "tutakupigia". Anapigiwa kwanza na mwingine. Fundi wa ngazi ya pili mlipe mwaka mzima. Miezi mashine zimelala afanye matengenezo makubwa, afundishe waendeshaji, atengeneze mbao za mazoezi.

Kama kiwanda chako ni kidogo na huwezi, ungana na majirani. Wenye viwanda vitatu vya Masasi, Newala na Nachingwea wanaweza kumlipa fundi mmoja wa ngazi ya juu kwa pamoja, pikipiki moja, siku zimegawanywa, na utaratibu wa dharura umeandikwa ili asigombewe. Kwenye minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, mnashindana kununua korosho. Hakuna sababu ya kushindana pia kunyang'anyana fundi mmoja mpaka anachoka na kuhamia Dar.

Weka ngazi za mshahara ukutani: akiweza kutengeneza saketi ya udhibiti peke yake, kiasi fulani; akiweza inveta na sensa, kinaongezeka; akiweza kuchukua nakala na kusoma programu, kinaongezeka tena. Apande kwa kuonyesha anachoweza, asihitaji kusubiri umkumbuke. Akiitwa usiku, alipwe ya usiku. Hiyo posho ndogo ya saa 8 usiku inasemwa mtaani kuliko mshahara wenyewe.

Ukichagua kati ya mgeni na mwenyeji wenye uwezo sawa, mimi namchukua mwenyeji. Ila ujue mwenyeji ana mikorosho yake. Oktoba atataka siku za kwenda kuokota na kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na wewe Oktoba ndiyo unawasha mashine. Zungumzeni Julai. Mpe siku zake kwa zamu na mwenzake, ziandikwe, kuliko kumkatalia kisha akaumwa ghafla.

Kumfunga kwa mkataba wa kutumikia muda fulani baada ya mafunzo ya gharama ni sawa, mwanasheria akishaupitia na muda ukiwa wa haki. Kumshikia cheti chake halisi kwenye droo si sawa, na mafundi wanaambiana.

Akiaga, usimfungie geti. Wiki zake za mwisho zitumie hivi: akae na atakayeshika nafasi yake, wapite mashine zote na kaunta buku mkononi, mipangilio ya inveta ihakikiwe kama inalingana na picha, nakala za programu zifunguliwe mbele yako, maneno ya siri yabadilishwe, kompyuta ya kiwanda na nyaya zake zisainiwe, kufuli lake lirudi stoo. Mwombe namba yake ya simu, na mkubaliane mapema utamlipa shilingi ngapi kwa kila tatizo atakalotatua kwa simu akiwa huko aendako.